Nani Anasema? Mhadhara kuhusu Mpangilio wa Insha ya Chuo na Adabu ya Kurejelea



Nimeombwa nizungumzie mpangilio wa insha na urejeleaji wa vyanzo. Najua jambo hili wengi huliweka mwisho. Insha huandikwa wiki nzima, kisha usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi ndipo mwanafunzi anapoanza kuulizana na wenzake: je, mwaka unawekwa ndani ya mabano au nje? Jina la kitabu linalazwa au linapigiwa mstari? Leo nataka kuwashawishi kwamba marejeleo ni sehemu ya fikra yenyewe, na kwamba anayeyaacha mpaka mwisho ameacha kufikiri nusu ya insha yake.

Hoja yangu ni moja. Msomaji wa kazi ya kitaaluma ana swali analolibeba kutoka sentensi ya kwanza hadi ya mwisho: nani anasema? Ni wewe, ni mwandishi uliyemsoma, ni mzee uliyemhoji, au ni mtu uliyesimuliwa habari zake na mwingine? Kanuni zote za pambizo, alama za mtajo, mabano, tanbihi na orodha ya marejeleo zimewekwa ili swali hilo lipate jibu bila msomaji kulazimika kukutafuta na kukuuliza.

Muyaka hakuandika mwaka 1940

Nianze na mfano wa kwetu. Muyaka bin Haji alitunga mashairi Mombasa mwishoni mwa karne ya 18 na katika miongo ya kwanza ya karne ya 19. Tungo zake zilibaki vifuani mwa watu wa mji. Baadaye, karne ya 19 ikielekea ukingoni, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya na kuziandika, akifanya kazi pamoja na W. E. Taylor, mmisionari Mwingereza aliyeishi Mombasa na kuijua lugha yake kwa kina. Mwaka 1940 William Hichens alizihariri zikachapishwa Johannesburg na Chuo Kikuu cha Witwatersrand kwa jina la Diwani ya Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy. Mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akatoa Nairobi kitabu chake kuhusu Muyaka, chenye tungo pamoja na uchambuzi.

Sasa mwanafunzi anaandika: “Muyaka (1940) anasema…” Tazameni kilichotokea ndani ya mabano yale. Mshairi aliyefariki karne moja kabla amefanywa aandike wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Msomaji asiyejua historia ya Mombasa ataanza kulihusisha shairi na mambo ya miaka hiyo. Mhariri aliyechagua maneno yapi yachapwe na yapi yaachwe ametoweka. Mwalimu Sikujua, ambaye bila yeye huenda tusingekuwa na sehemu kubwa ya tungo hizo, hata kivuli chake hakionekani.

Njia iliyo sahihi si ngumu. Katika matini unaandika kwamba shairi ni la Muyaka, kisha ndani ya mabano unaonyesha ulikolipata: katika Hichens (mh.), 1940, na ukurasa. Katika orodha ya mwisho kitabu kinaingia chini ya jina la mhariri au la mtunzi, kwa kadiri mtindo wa idara yako unavyotaka, lakini lazima wote wawili waonekane. Na kama ubeti umeutoa kwa Abdulaziz, mtaje Abdulaziz, usimtaje Hichens kwa kuwa tu ni wa zamani zaidi. Tungo zilizopita mikono mingi hutofautiana neno hapa na neno pale, na anayetaka kukuhakiki anahitaji kufungua kitabu kile kile ulichokifungua wewe.

Hali ni hiyo hiyo kwa Shaaban Robert. Kusadikika ilitoka mwaka 1951, naye akafariki mwaka 1962, lakini nakala nyingi zilizomo maktabani zilichapwa miongo mingi baada ya kifo chake. Andika miaka yote miwili: ule wa toleo la kwanza na ule wa nakala uliyoisoma. Ni hali hiyo pia kwa Ferdinand de Saussure, ambaye kila darasa la isimu humtaja. Kitabu kinachobeba jina lake kilitoka mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kifo chake, kikiwa kimeandaliwa na wenzake kutokana na madokezo ya wanafunzi waliohudhuria mihadhara yake. Na kama Saussure umemkuta ndani ya kitabu cha kiada cha Kiswahili, sema hivyo: Saussure, kama alivyonukuliwa na fulani, mwaka fulani, ukurasa fulani. Katika orodha ya mwisho utamwingiza huyo fulani uliyemsoma. Kumwingiza Saussure ambaye hujamfungua ni kudai safari ambayo hukuifanya.

Adabu hii si ngeni kwetu. Karne nyingi kabla ya vyuo vikuu vya leo, wanazuoni wa Kiislamu walikuwa hawaipokei hadithi bila mlolongo wa wapokezi wake: nani kamsikia nani, naye alimsikia nani, na kila mmoja alikuwa mtu wa namna gani. Elimu hiyo ilifika pwani yetu na kukaa. Mwanafunzi wa Lamu au Unguja alijulikana kwa masheikh aliosoma kwao na vitabu alivyosomeshwa. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyetufasiria Kurani kwa Kiswahili, aliandika pia kitabu kuhusu wanazuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, na ndani yake akafuatilia nani alisoma kwa nani. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba kurejelea ni masharti ya wageni. Mabano na nukta zake ndizo zilizotoka kwingine. Swali la nani anasema limeulizwa hapa zamani sana.

Mitindo na asili yake

Mabano na nukta nazo zina historia. Mtindo wa kutaja mwandishi na mwaka, ambao wengi wetu tunauita wa Harvard, huhusishwa na mwanazuolojia Edward Laurens Mark wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeutumia katika makala ya mwaka 1881 kuhusu konokono asiye na gamba. Chuo Kikuu cha Chicago kilichapa mwongozo wake mwaka 1906. Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, APA, kilianza mwaka 1929 kwa makala ya kurasa saba tu, na toleo la saba la mwongozo wake, lililotoka mwaka 2019, lina zaidi ya kurasa 400. Watu wa lugha na fasihi wana mtindo wa MLA, ambao toleo lake la tisa ni la mwaka 2021. Wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver mwaka 1978 wakakubaliana kutumia namba.

Mitindo hii inatofautiana kwa kuwa kila fani inaulizia kitu chake kwanza. Mwanasaikolojia anataka kujua utafiti ni wa lini, kwa hiyo mwaka unakaa karibu na jina. Mhakiki wa fasihi anataka kuufikia mstari wenyewe, kwa hiyo MLA huweka jina na ukurasa bila mwaka. Mwanahistoria ana hati, barua na kumbukumbu zenye maelezo marefu, kwa hiyo anahitaji nafasi ya tanbihi chini ya ukurasa. Daktari hataki majina yamkatishe kusoma, kwa hiyo anaridhika na namba.

Mwanafunzi asipoteze usiku akibishana ni upi ulio bora. Uliza idara yako inatumia upi, kisha ufuate kutoka jalada hadi rejeleo la mwisho. Katika idara nyingi za Kiswahili utakuta mwaka, nukta mbili, kisha ukurasa: (Abdalla, 1973: 12). Wengine wataandika mkato na “uk.” mbele ya namba. Yote yanaeleweka. Kisichoeleweka ni insha yenye mitindo mitatu, kwa sababu msomaji atashindwa kujua kama tofauti aliyoiona ina maana au ni uzembe.

Ukurasa wenyewe

Sura ya ukurasa nitaipitia haraka. Karatasi yetu ni A4, ya milimita 210 kwa 297, ingawa miongozo ya Marekani imeandikwa kwa karatasi fupi na pana kidogo, basi hakikisha mpangilio wa kompyuta yako haukubaki wa kule. Acha pambizo ya sentimita 2.54 kila upande. Kazi itakayojalidiwa, kama tasnifu, iachiwe nafasi kubwa zaidi kushoto ili maneno yasimezwe na gundi. Tumia herufi za kawaida za ukubwa wa 12 na nafasi pana kati ya mistari, maana mwalimu anahitaji mahali pa kuandikia. Namba za kurasa ziwepo. Jalada libebe jina lako, namba ya usajili, jina na msimbo wa kozi, jina la mhadhiri, mada na tarehe. Orodha ya marejeleo ianze ukurasa mpya, kwa alfabeti, na mstari wa pili wa kila rejeleo uingie ndani ili majina yaonekane kwa mteremko mmoja wa jicho.

Dondoo nitalikalia zaidi. Dondoo fupi hukaa ndani ya sentensi yako, kati ya alama za mtajo. Dondoo refu hutengwa, huingizwa ndani kutoka pambizo ya kushoto, na alama za mtajo huondolewa, kwa kuwa kutengwa kwenyewe kumeshasema kwamba huyu ni mwingine anayezungumza. APA huhesabu maneno 40 na kuendelea kuwa dondoo refu. MLA hutenga nathari ikizidi mistari minne, na shairi likizidi mishororo mitatu.

Kanuni hii ya mwisho inatugusa sana. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, kwa hiyo ubeti mzima utatengwa daima. Ukiutenga, uheshimu umbo lake. Mshororo ubaki mshororo, na vipande viwili vya kila mshororo viachane kama vilivyochapwa, ili vina vya kati vionekane chini ya vina vya kati na vina vya mwisho chini ya vya mwisho. Nimesoma insha nyingi zilizojaa sifa za vina na mizani, huku beti zenyewe zimemwagwa kama aya ya gazeti. Hapo mwanafunzi ameuharibu ushahidi wake kwa mkono wake. Na panapokuwa na matoleo mengi ya utenzi mmoja, kama Al-Inkishafi iliyohaririwa na Hichens mwaka 1939 na baadaye na J. de V. Allen mwaka 1977, taja namba ya ubeti pamoja na toleo. Namba ya ukurasa peke yake haitamsaidia mwenye kitabu kingine.

Pale wizi unapojificha

Wizi wa kitaaluma ulio wazi, wa kunakili ukurasa mzima, hauhitaji mhadhara. Mnamo Machi 2011 waziri wa ulinzi wa Ujerumani, Karl-Theodor zu Guttenberg, alijiuzulu baada ya kubainika kwamba tasnifu yake ya udaktari ilikuwa na sehemu nyingi za watu wengine ambao hawakutajwa. Jambo hilo linaeleweka. Mimi nina hofu zaidi na aina mbili zinazofanywa na wanafunzi waaminifu bila kujua.

Ya kwanza ni kubadilisha maneno na kuacha sentensi ilivyo. Chukueni sentensi hii niliyoitunga kwa ajili ya mfano: “Kilimo cha mwani kiliwapa wanawake wa pwani kipato walichokimiliki wenyewe, na kipato hicho kikabadili nafasi yao katika maamuzi ya nyumbani.” Mwanafunzi anaandika: ukulima wa mwani uliwapatia akina mama wa pwani mapato waliyoyamiliki wao wenyewe, na mapato hayo yakageuza nafasi yao katika uamuzi wa nyumbani. Maneno mengi yamebadilika, lakini mifupa yote ni ya yule wa kwanza. Kueleza kwa maneno yako huanza kwa kufunga kitabu. Jiulize umeelewa nini, uandike, kisha ufungue tena ulinganishe. Pengine utapata: kwa mtazamo wa mwandishi, fedha za mwani zilikuwa na uzito nyumbani kwa sababu mwanamke ndiye aliyezishika. Sasa sentensi ni yako. Wazo bado ni lake, kwa hiyo rejeleo linabaki. Wengi hudhani alama za mtajo zikiondoka na rejeleo nalo linaondoka. Hapana. Alama za mtajo hulinda maneno, na rejeleo hulinda wazo.

Ya pili ni tafsiri. Sehemu kubwa ya maandishi kuhusu isimu na fasihi ya Kiswahili iko kwa Kiingereza, nyingine kwa Kijerumani na Kifaransa. Mwanafunzi husoma kwa Kiingereza, huandika kwa Kiswahili, na kwa kuwa alitoa jasho kutafsiri, huhisi maneno yamekuwa yake. Hayajawa yake. Sentensi uliyoitafsiri neno kwa neno ni dondoo: itie ndani ya alama za mtajo, mtaje mwenyewe na ukurasa, uongeze “tafsiri yangu”. Tena msijifariji kwa programu za kukagua ufanano wa maandishi. Programu hizo hulinganisha maneno na maneno. Dondoo ulilolirejelea vizuri zinaweza kulipaka rangi, na aya nzima iliyotafsiriwa kimyakimya zikaiacha ipite. Asilimia zinazotoa si hukumu, na si cheti cha uaminifu.

Kosa la upande wa pili

Kuna kosa jingine ambalo halina jina kali, nalo limeenea mno katika insha zetu. Mwanafunzi anaulizwa fasihi ni nini. Anajibu: Mulokozi (1996) anasema hivi. Wamitila (2002) anasema vile. Fulani naye anaongeza hili. Kurasa tatu zinapita, kila sentensi ina mabano yake, na mwishoni anaandika kwamba kwa ujumla wataalamu mbalimbali wamefasili fasihi kwa namna mbalimbali. Huyu hakuiba kitu. Lakini ukiuliza nani anasema, utasikia sauti za wote isipokuwa yake.

Umewaita mashahidi, basi wahoji. Mulokozi na Wamitila wanakubaliana wapi? Tofauti yao inabadilisha nini katika riwaya unayoichambua, tuseme Rosa Mistika? Wewe unamfuata nani, na kwa sababu gani? Rejeleo zuri linafuatwa na sentensi yako inayosema kwa nini ulimwita huyo mtu. Na maneno kama “wataalamu wengi wanaamini” yaacheni kabisa. Si kila jambo linahitaji shahidi: tarehe ya uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961, haihitaji rejeleo, kila mtu anaijua na hakuna anayeipinga. Lakini ukisema Kiswahili kilianza sehemu fulani ya pwani, umeingia katika mjadala wenye wenyewe. Nurse na Spear waliandika kitabu kizima mwaka 1985 kuhusu historia hiyo. Wataje, uwakubali au uwapinge kwa jina.

Majina yetu na wazee wetu

Miongozo ya kigeni inadhani kila mtu ana jina la ukoo, na inataka litangulie. Kwetu jina la mwisho mara nyingi ni la baba au babu. Said Ahmed Mohamed huingia kwenye orodha kama Mohamed, S. A., na desturi hiyo imeshakubalika, basi tuishike. Lakini Ngũgĩ wa Thiong’o huingia kwenye herufi N kwa jina lake kamili, nayo ndiyo njia ya maktabani. Ukimwona kama “Thiong’o, N. W.”, jua kwamba programu ya marejeleo ilijaza na mtu hakukagua. Mwangalieni kila mwandishi jinsi anavyojiandika kwenye jalada la kitabu chake, kisha muandike jina lake hivyo hivyo kila mnapomtaja.

Wazee nao? Mtindo wa APA huhesabu mahojiano uliyofanya mwenyewe kuwa mawasiliano binafsi: unayataja ndani ya matini, wala hayaingii katika orodha ya mwisho, kwa kuwa msomaji hawezi kuyafikia. Sababu hiyo ina mantiki. Lakini matokeo yake katika nchi zetu ni kwamba bibi aliyekupa ngano ishirini za Kimakunduchi haonekani mwishoni, na mgeni aliyepita wiki moja akaandika makala anaonekana. Toleo la saba limetenga maelekezo kwa ajili ya mapokeo simulizi ya jamii za wenyeji, na hiyo ni hatua. Sisi tuende mbele zaidi. Kwa idhini ya msimulizi, tumia jina lake, mahali, tarehe na lugha aliyotumia, kisha uweke rekodi yako maktabani ipate namba, ili kesho mwingine aweze kuisikiliza na kuirejelea. Na asiyependa kutajwa, heshimu neno lake. Mwandike kwa herufi au namba, ueleze kwamba ndivyo alivyotaka.

Akili mnemba

Nimalizie na mashine zinazoandika. Programu za akili mnemba huweza kutoa rejeleo lenye jina, mwaka, jarida na kurasa, lote likiwa limepangwa bila kosa, na kumbe makala hiyo haijawahi kuandikwa. Juni 2023 hakimu wa mahakama ya shirikisho New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa sababu waliwasilisha hukumu za kesi zisizokuwapo, zilizotungwa na programu ya aina hiyo. Mpangilio wake ulikuwa wa kisheria kabisa, lakini nyuma ya majina yale hapakuwa na kesi hata moja. Ndiyo maana nasisitiza kwamba nukta na mkato peke yake si urejeleaji. Usitaje kazi ambayo hukuifungua. Na kama chuo chako kinaruhusu kutumia programu hizo kwa jambo fulani, eleza ulizitumia wapi na kwa nini.

Basi nawaachia kazi. Ninyi wanafunzi, kila mnapofungua kitabu, andikeni papo hapo mwandishi, mwaka, jina la kitabu, mji, mchapishaji na ukurasa, kabla hamjaandika hata neno moja la yaliyomo. Katika daftari lenu maneno ya mwandishi yawe ndani ya alama za mtajo tangu siku ya kwanza, kwa maana baada ya mwezi mmoja hakuna atakayekumbuka yapi ni yake na yapi ni ya kitabu.

Nasi wahadhiri, tuache kuwakata wanafunzi alama kwa kanuni ambazo hatukuwapa. Kila idara iandike mwongozo wake kwa Kiswahili, mfupi, wenye mifano ya utenzi, ngano, mahojiano, muswada wa herufi za Kiarabu na kitabu kilichohaririwa, na mwanafunzi aupate wiki ya kwanza ya masomo. Mwongozo huo ukiwepo, tutakuwa na haki ya kumdai mwanafunzi atuambie nani anasema, naye atakuwa na njia ya kutujibu.